Masahihisho ya Mtungi wa Sita

Magazeti yote ya asubuhi ile yalikuwa na picha moja. Meza ndefu, kitambaa cheupe, mitungi mitano ya kijivu imepangwa mstari mmoja, na nyuma yake Mkuu wa Upelelezi katikati ya maafisa wake, kifua mbele, meno yote nje. NJAMA YA SUMU YAZIMWA, lilisema la kwanza. MASHUJAA WETU, likasema la pili. La tatu, ambalo tangu lizaliwe halijawahi kumsifu polisi hata kwa bahati mbaya, liliandika neno moja tu, ASANTENI, na kulitandaza ukurasa mzima.

"Afande, umetoka vibaya," Sajini alisema, akimsukumia gazeti mezani. "Watu wote wanacheka, wewe umeinama kama umedondosha funguo."

Inspekta alilikunja gazeti. Kituo kizima kilimwita Kobe, kwa mwendo wake wa pole na kwa tabia ya kuingiza shingo kwenye kola kila akisikia upuuzi. Asubuhi ile shingo ilikuwa ndani kabisa.

Sababu alikuwa nayo. Juzi yake walikuwa wamewakamata wanaume watatu kwenye ghala la rangi, na humo ndani wakakuta hewa ya sumu imeshindiliwa kwenye mitungi, tayari kufunguliwa katika ukumbi wa chini wa stesheni kuu ya treni saa ambazo watu wanarudi kutoka kazini. Mitungi ilikuwa mitano. Lakini sakafu ya ghala ilikuwa na vumbi, na kwenye vumbi lile Kobe aliona duara sita, zote sawa, zote mpya. Alimwambia Mkuu kabla ya waandishi kuingia.

"Duara ni duara tu," Mkuu alisema akifunga kifungo cha shati. "Hata ndoo huacha duara." Kisha akatoka, akasimama mbele ya kamera na kuwaambia wananchi walale usingizi, hatari imekwisha.

Basi wananchi wakalala. Kobe hakulala. Mtungi mmoja ulikuwa huko nje na mtu wa nne, na wale watatu waliokamatwa walikuwa wametulia kama maji mtungini. Jina hawataji, sura hawaelezi, wanatazama ukuta.

Aliyekuwa anaongea ni mmoja tu, na huyo hakuwa na la kusema. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni, mzee mwenye mikono mikavu, aliyekamatwa kwa sababu Mkuu aliwaambia waandishi kwamba kemikali iliibwa kiwandani kwake. Lazima iwe imetoka mahali, na kiwanda kile kilikuwa karibu.

"Mzee, tuanze upya," Kobe alisema. "Nani aliingia stoo?"

"Hakuna."

"Sumu imetoka wapi?"

"Waulize waliokutwa nayo, mwanangu. Stoo yangu imejaa. Umeikagua wewe mwenyewe jana, mimi nikakushikia tochi."

Ilikuwa kweli. Hakikupungua hata kijiko.

"Mke wangu kaniletea nguo," mzee aliendelea. "Anasema majirani wameacha kumsalimia. Redio haikunitaja jina, sawa, lakini imesema mtunza stoo. Kiwanda kile kina watunza stoo wangapi? Ni mimi peke yangu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nimekaa na funguo zile mpaka mvi zimenitoka. Leo naitwa mwizi wa sumu."

Kobe alitoka pale roho imemuuma. Alikuwa bado kwenye korido simu ilipolia.

"Inspekta? Mimi ni mhariri wa habari, redio. Nina kitu chako, lakini sikupi kwa simu."

"Kwa nini usimpe Mkuu?"

"Njoo, nitakwambia."

Mhariri huyo alijulikana na wote kama Mama Mkasi. Waandishi wake walisema ukimpelekea habari yenye maneno mia atakurudishia arobaini, na hayo arobaini hutayaonea haya maisha yako yote. Kobe hakuwapenda waandishi. Aliwaona kama nzi, wanakuja kidonda kikishaiva. Kwa hiyo aliingia chumba cha habari akiwa amekunja uso mapema, asije akaukunja kwa kuchelewa.

Kilikuwa chumba kidogo kuliko alivyotarajia. Trei za mayai zilikuwa zimepigwa misumari ukutani kuzuia mwangwi, kiti kimoja kimefungwa kwa gundi ya karatasi, na vikombe vya chai viko kila mahali isipokuwa karibu na mitambo. Mama Mkasi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, alikuwa amemnyooshea kidole kijana wa michezo.

"'Mechi ya kufa na kupona.' Nani amekufa?"

"Hakuna, mama."

"Basi futa." Akageuka. "Karibu, Inspekta. Huyu binti ni nani?"

"Sajini wangu."

"Karibuni wote. Umeuliza kwa nini wewe na si Mkuu." Aliinua gazeti lenye picha ile. "Nimezitazama zote tangu alfajiri. Kila mtu anatazama kamera, wewe unatazama meza, na midomo yako imekaa kama ya mtu anayehesabu. Mtu aliyemaliza kazi hahesabu tena. Nimekosea?"

Shingo ya Kobe ilitoka nje kidogo. "Endelea."

Mama Mkasi aliwaeleza utaratibu wa kituo chake, ingawa hakukuwa na mtu mjini asiyeujua. Kila jioni, kabla ya habari, husomwa Tulikosea. Ni dakika chache za kukiri makosa ya jana yake, tarehe iliyopinda, jina lililobadilishwa, daraja lililowekwa mto mwingine. Msikilizaji akiona kosa hupiga simu, huongea na mashine, huacha namba. Namba iwe ya mezani, ya mahali panapojulikana, kwa sababu za mkononi leo zipo kesho zimetupwa. Na kabla sahihisho halijasomwa, Mama Mkasi mwenyewe humpigia aliyelalamika kwa saa aliyoitaja, humsomea sentensi mpya, na haisomwi hewani mpaka akubali.

"Wa vituo vingine wanatucheka," alisema. "Wanasema tunajivua nguo. Waache wacheke. Sikiliza hii, imeingia jana baada ya habari."

Alibonyeza. Ikatoka sauti ya mwanaume, ya upole, yenye subira.

"Mama, shikamoo. Mimi ni msikilizaji wenu wa siku nyingi. Leo mmesema ile kitu ya kwenye mitungi iliibwa kiwandani. Si kweli. Hakuna kilichoibwa. Mwizi gani anaupaka mtungi rangi nyekundu ya kuzuia kutu kwanza, akasubiri ikauke, ndipo akapaka ya kijivu? Ile ilitengenezwa. Fundi msimwite mwizi. Sahihisheni, tafadhali. Nipo kwenye namba hii kesho saa kumi jioni." Ikafuata namba, imetajwa polepole, mara mbili.

"Kichaa," Sajini alisema. "Simu za namna hii tumepokea gunia zima."

"Cheza tena pale kwenye rangi," Kobe alisema.

Ilichezwa tena. Kobe alitoa mfukoni funguo za nyumbani kwake na kuziweka mezani. Kwenye ncha ya mmoja kulikuwa na chembe za rangi, kijivu juu, nyekundu chini.

"Niliukwangua mtungi mmoja jana, peke yangu, kwenye chumba cha vielelezo," alisema. "Sikumwambia mtu. Kwenye picha inaonekana kijivu tu."

Sajini akainama kuzitazama. Mama Mkasi alivaa miwani.

"Kwa hiyo ni yeye."

"Ndiye aliyeitengeneza. Na yuko nje." Kobe aliutazama mlango, kisha akamwaga yote, duara sita, mitungi mitano, ndoo ya Mkuu. Alijua anaongea na mwandishi. Alijua pia kwamba habari ile ikitoka saa ile, stesheni watu watakanyagana na kufa kabla sumu haijafunguliwa.

Kalamu ya Mama Mkasi ilibaki pale ilipokuwa. Hakuigusa.

"Umefanya vizuri kuniambia," alisema. "Haitatoka mpaka mtungi upatikane. Neno langu hilo."

Sajini alikuwa ameshatafuta namba ile. "Karakana ya friji na feni, Afande. Iko nyuma ya stesheni, ukuta kwa ukuta. Twende tukaivamie sasa hivi."

"Ina mafundi wangapi?"

"Watatu, wanne hivi."

"Yupi ni wetu?"

Sajini, aliyekuwa ameshaelekea mlangoni, akarudi.

"Tukiingia kwa kishindo, asiye na hatia atainua mikono na mwenye hatia atafungua koki. Na karakana ya friji imejaa mitungi ya gesi, mmoja zaidi nani atauona?" Kobe alimgeukia mhariri. "Ninahitaji aje mwenyewe kwenye simu, mikono yake ionekane. Mpigie saa kumi. Mvute, mdanganye, mwambie unataka kumhoji hewani, mwambie chochote."

"Simdanganyi."

"Mama!"

"Inspekta, sikiliza. Amenipigia kwa sababu anajua Tulikosea haina hila. Nikiigeuza mtego leo, kesho yule mama anayetaka kusema jina la marehemu wake tumelikosea atanipigiaje? Nimeijenga neno kwa neno. Siibomoi hata kwa shetani."

"Watu mia kadhaa, mama."

"Nimesikia, mimi si kiziwi!" Sauti yake ilipanda, kisha akaishusha. Alizungusha miwani mkononi. "Kanuni inasema nimpigie saa kumi. Nitampigia. Kanuni inasema nimsomee mpaka akubali. Nitamsomea. Sitamwambia uongo hata mmoja. Wewe ukiwa na shughuli zako upande ule wa waya, hizo ni zako. Lakini jioni nasoma masahihisho yote."

"La mwizi."

"Na la hatari imekwisha."

Kobe aliingiza shingo. Sentensi ile ilikuwa ya Mkuu, imesemwa mbele ya taifa. "Kibarua changu kitaota nyasi."

"Huenda. Na kwa hilo pia nitakupigia wewe nikusomee. Usipokubali, sisomi. Hiyo nayo ni kanuni."

Walitazamana. Halafu Kobe, mtu aliyekuwa akiwaita nzi, alimpa mkono.

Saa tisa na nusu kupita kidogo, mjomba mmoja na mpwa wake waliingia karakana wakigombana juu ya feni mbovu.

"Mjomba, nilikwambia hii ni ya kutupa!"

"Kutupa! Wewe unayetupa, ulishawahi kununua?"

Mafundi walicheka. Walikuwa watatu. Kwenye kona alikuwepo mmoja mwenye miwani myeusi, haongei, kila mara anachungulia barabarani. Kobe akamweka moyoni. Wa pili alikuwa kijeba mcheshi anayeimba. Wa tatu ndiye aliyeipokea feni, mtu wa makamo, aproni safi, kucha zimekatwa. Aliifungua taratibu, akapanga skrubu kwenye kisahani kwa ukubwa wake.

"Haijafa hii, mjomba. Ni waya tu umechoka. Usikubali mtu akuuzie mota nyingine. Kuna mafundi wezi."

"Kweli kabisa," Kobe alisema.

"Bora ulale njaa kuliko kuitwa mwizi."

Simu ilikuwa ya waya, imefungwa ukutani kando ya kaunta, mbali na mlango wa chumba cha nyuma. Mle ndani Kobe aliona mitungi imesimama gizani, yote kijivu, zaidi ya ishirini. Alikuwa ameshamwambia Sajini atafute nini. Mitungi ya karakana hukaa sakafuni palipo na maji, na matako yake huliwa na kutu. Fundi aliyepaka nyekundu kwanza hawezi kuwa na mtungi wenye kutu.

Saa kumi simu ililia. Wa miwani myeusi aliinuka. Kobe akasogeza mguu.

"Kaa, hiyo ni yangu," alisema fundi wa aproni safi, akifuta mikono. "Samahani, mjomba. Dakika moja tu." Yule wa miwani akaketi tena. Baadaye ilijulikana alikuwa anamkwepa mwenye nyumba.

Kobe akaurudisha mguu na kumgeukia wa aproni. Sajini alikuwa ameshaanza kulalamika kwa sauti kwamba amebanwa, choo kiko wapi, na kijeba akamwelekeza nyuma.

"Shikamoo, mama," fundi alisema kwenye simu. Mkono mmoja ulishika simu, mwingine ulitegemea kaunta. "Ndiyo, nakusikiliza. Nisomee."

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hapana. 'Ilitengenezwa' peke yake haitoshi. Ongeza 'kwa ustadi'." Alisikiliza. "Najua huweki sifa, mama, lakini hii si sifa, ni ukweli. Basi 'kwa mkono'. 'Kwa mkono' si sifa."

Kule upande wa pili Mama Mkasi alikuwa anafanya kazi yake ya kila siku, neno kwa neno, na hakumpunja wala hakumwongeza. Fundi alikubali, akakataa, akataka koma isogezwe. Uso wake uling'aa. Hakuwa ameangalia nyuma hata mara moja. Mlango wa uani ulifunguka bila mlio, na wataalamu wa sumu wa polisi, wenye barakoa, wakaingia nyuma ya Sajini. Kobe aliwaona wakiinama, wakimulika matako ya mitungi mmoja baada ya mwingine. Sajini akainua dole gumba.

Kobe aliukamata mkono uliokuwa kwenye kaunta. Pingu ikalia.

Fundi aliitazama, kisha akamtazama mjomba wa feni. Hakupigana. "Subiri," alisema. "Hajamaliza kusoma."

Kobe akachukua simu.

"Halo? Msikilizaji? Unakubali sentensi hiyo?"

"Mama," Kobe alisema, na sauti yake ilikuwa na mikwaruzo, "msikilizaji wako ana pingu. Mtungi tunao. Koki haijaguswa."

Upande wa pili ilisikika pumzi ndefu, halafu kitu kama kikombe kimeanguka. "Alhamdulillahi," Mama Mkasi alisema. "Muulize kama anakubali."

Aliulizwa. Fundi alitikisa kichwa, ndiyo.

Kabla ya habari ya jioni Kobe alikuwa ofisini kwa Mkuu. Mtunza stoo alikuwa kwenye benchi nje ya mlango ulio wazi, anarudishiwa mkanda na viatu. Kwenye kabati kulikuwa na redio ndogo, inaimba. Simu ya mezani ililia.

"Inspekta, nakusomea," Mama Mkasi alisema, na akasoma.

Mkuu alikuwa ameisikia. Alisimama. "La mwizi alisome. La hatari aliache. Nani anajua, Kobe? Watu wamelala vizuri, wanatusifu, kwa mara ya kwanza wanatusifu! Mwambie hukubali, basi, yaishe."

"Wamesifu kazi isiyokuwa imekwisha, Mkuu. Waisifu iliyokwisha."

"Ukisema ndiyo, hapa huna kiti."

Kobe alitoa shingo yote nje. Aliweka mdomo kwenye simu. "Nakubali. Ila umekosea kitu. Umeandika 'amekamatwa leo' tu. Andika kwamba nyinyi ndio mliotuita."

"Kwenye masahihisho hatujisifu."

"Basi najua mimi," Kobe alisema. "Sijawahi kuona kazi kama yako, mama. Nilikuwa nawaita nzi."

"Tumeitwa mabaya zaidi. Kaa karibu na redio."

Muziki ulikatika. Ikaja sauti ile ya mkasi, haina haraka.

"Tulikosea. Jana tulisema kemikali ya njama ya stesheni iliibwa kiwandani. Haikuibwa. Ilitengenezwa kwa mkono, na aliyeitengeneza amekamatwa leo. Mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni hakuhusika kwa lolote. Tunamwomba radhi yeye na nyumba yake."

Kwenye benchi, mzee aliinua kichwa. "Wamesemaje? Masikio yangu..."

Mkuu alinyoosha mkono kuelekea kabati. Kobe alidhani anaizima, na alikuwa ameshachoka kubishana. Mkuu akashika kitufe, akamtazama mzee mwenye kiatu kimoja mguuni, akaongeza sauti mpaka mwisho.

"Pia tulisema hatari imekwisha," redio ilisema, korido nzima ikisikia. "Tulikosea. Tulipokuwa tukisema hivyo, mtungi mmoja ulikuwa bado nje. Umepatikana leo jioni, mzima. Sasa imekwisha."